Jina la mkuu wa shule

Kijana wa steshenari pale Mwanga, Kigoma mjini, aligonga kioo cha kompyuta kwa kalamu akaniambia, "Dada, hapa hapapitiki." Kisanduku kilikuwa na nyota nyekundu: jina la mkuu wa shule ya sekondari uliyosoma. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wa kutoa kopi, umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili tangu asubuhi, na Sh 10,000 ya ada ya maombi ya chuo nilikuwa nimeshailipa. "Si umesema baba ndiye aliyekufundisha? Weka jina lake, tuendelee."

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni. Akasema bila kuinuka, "Mimi si mkuu wa shule. Na huyo hakusoma shule. Njoo twende nyumbani."

Hiyo ilikuwa Julai 2019. Siku hizi kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hapakosi mtu wa Kasulu au Kibondo anayenipigia simu, mara nyingi mtoto wa mchungaji au wa mwinjilisti wa kuhamahama, aliyesomea nyumbani na sasa anataka chuo cha kanisa. Wote huuliza, "Dada, watanikubali?" Na mimi huwauliza, nje ya nyumba yenu, nani anajua kwamba umesoma?

Mimi nilisomea nyumbani kwa sababu ya selimundu. Nilimaliza darasa la saba 2011, nikachaguliwa shule ya kata, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimelazwa hospitali ya Maweni mara nyingi kuliko nilivyokaa darasani. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Akaamua nibaki. Saa mbili kamili asubuhi aligonga meza kwa rula, hata kama tulikuwa wawili tu na mama alishakwenda Kibirizi kwenye dagaa zake. Alikuwa na kaunta buku la kwaya tatu, jalada limeliwa na mende. Humo aliandika tarehe, mada, na nilichokosea. Siku nikizidiwa aliandika neno moja, "Mgonjwa", akapiga mstari. Nilimcheka. Niliona ni mazoea ya uzeeni tu. Kaunta buku hilo nitalirudia.

Kwanza vyeti. Usidhani chuo, kwa kuwa ni cha kanisa, kitapokea maelezo ya mzazi kwamba mtoto amesoma. Chuo kikuu cha kanisa kinasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama vingine vyote, na TCU inataka matokeo ya Baraza la Mitihani. Njia yetu ni ya mtahiniwa wa kujitegemea. Nilianza na QT, ule mtihani wa maarifa kwa wasiopitia sekondari ya kawaida, mwaka 2014. Kidato cha nne nikafanya 2016, cha sita 2019. Namba yako itaanza na P badala ya S. Na ujue jambo hili mapema: mwenzako wa shuleni anaingia kidato cha nne na alama za maendeleo ya darasani, wewe unapimwa kwa mtihani ule peke yake. Ukiamka na malaria siku ya Historia, hakuna akiba. Ndiyo maana baba alikwenda kumwomba mwalimu wa taaluma wa sekondari ya jirani nifanye moko, ule mtihani wa majaribio, na wanafunzi wake. Kwa mara ya kwanza nikaandika mtihani nikiwa na watu arobaini wanaokohoa.

Kwenda kidato cha sita unahitaji kredit tatu za kidato cha nne, yaani C tatu au zaidi. Kwenda shahada, ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 na kuendelea, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na masomo hayo yawe yale kozi yako inayoyataka. Mimi nilipata B ya Kiswahili na C ya Historia. Kiingereza tusikiongelee.

Hapa watoto wa wachungaji hujikwaa. Binti mmoja wa kule kwetu alikuwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, mojawapo Maarifa ya Biblia, ambalo ndilo alilifanya vizuri kuliko yote. Akaomba kozi ya ngazi ya cheti akiwa na uhakika, maana chuo ni cha kanisa na somo lake bora ni la Biblia. Akakataliwa. Ngazi ya cheti inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Alilia sana, na sikumlaumu. Kuna jambo linalochekesha na kuuma katika kukataliwa na chuo cha kanisa kwa sababu umeijua Biblia kuliko Jiografia. Alirudia masomo mawili akapita. Lisome somo la dini kwa moyo wote, ila hesabu yako ianze bila hilo.

Majina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Zacharia, QT nilijaza Zakaria, kwa sababu ndivyo baba mwenyewe anavyoandika. Herufi mbili hizo zilinigharimu hati ya kiapo kwa wakili na safari tatu. Mtu wa shuleni ana mwalimu anayekagua majina ya darasa zima kabla ya usajili. Wewe huna. Weka vyeti vyote mezani, vya ubatizo pia, na mtu mwingine asome herufi moja moja kwa sauti. Ukitaka mkopo wa Bodi ya Mikopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na hapo ndipo Zakaria na Zacharia watakutana.

Sasa barua. Vyuo vingi vya kanisa, hasa vya uchungaji na ualimu, huomba barua ya kiongozi wa dini, na kwa mwanafunzi wa nyumbani barua hiyo inabeba mzigo ambao kwa wengine umegawanywa kati ya mkuu wa shule, mwalimu wa darasa na mlezi wa bweni. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Ni muumini mwaminifu, anahudhuria ibada, ana tabia njema, asaidiwe. Mchungaji aliiandika akiwa amesimama, gari la kwenda Uvinza linamngoja. Ungeweza kuweka jina la mtu yeyote wa kanisani kwetu na barua isibadilike.

Baba aliisoma, akaikunja, hakusema kitu. Jumamosi akalichukua lile kaunta buku tukaenda nyumbani kwa mchungaji. Shikamoo, marahaba, chai, habari za mvua. Kisha akaliweka mezani. "Mchungaji, naomba utazame kabla hujaandika tena." Mchungaji akafungua katikati, akafungua mwanzo, akakaa kimya muda mrefu. Alisimama kwenye ukurasa wa Machi 2016, "Mgonjwa" mara kumi na moja, halafu siku ya kumi na mbili: "Insha. Amekosea viunganishi." Akanigeukia. "Binti yangu, mwezi huu si ndio ulikuwa unafundisha watoto wa Jumapili ukiwa umekaa kwenye kiti?" Nikasema ndiyo.

Barua ya pili ilijaa ukurasa. Aliandika kwamba nilifundisha watoto thelathini kwa miaka miwili, kwamba nilishika daftari la michango ya kwaya na halikupungua hata shilingi, na kwamba ameona kwa macho yake kumbukumbu za masomo yangu. Sifa zilikuwa chache kuliko za barua ya kwanza. Kwa hiyo usiende kuomba barua mikono mitupu wiki ya mwisho. Anza miaka miwili kabla, shika kazi kanisani inayoonekana na yenye hesabu, na mzazi wako aandike. Kama mzazi hajui kuandika, andika wewe naye aweke sahihi kila wiki.

Na kile kisanduku chenye nyota nyekundu? Nilikaa nacho wiki nzima kwa aibu. Kisha nikapiga simu ofisi ya udahili. Aliyepokea akauliza, "Wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea? Weka mkuu wa kituo ulichofanyia mtihani." Dakika mbili. Wiki nzima ya usingizi wa mang'amung'amu kwa dakika mbili! Chuo kingine kinaweza kuelekeza vingine, kwa hiyo piga simu, na umtaje uliyeongea naye kwenye daftari lako.

Mengine kwa haraka. Omba vyuo zaidi ya kimoja katika awamu ya kwanza. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri ili uthibitishe chuo unachokitaka, na usimwachie kijana wa steshenari akuthibitishie. Si lazima uwe wa dhehebu la chuo. Mimi ni Mpentekoste na nilisoma AMUCTA, chuo cha Kikatoliki cha Tabora kilichopewa jina la Askofu Mkuu Mihayo na kilicho chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Ila uliza kuhusu ada, kwa sababu wazazi wengi hudhani kanisa litalipa. Na ugonjwa usiufiche kwenye fomu ya afya. Mimi niliuficha, nikaanguka wiki ya tatu mbele ya watu ambao hawakujua hata wanipe maji au waniache.

Nilichagua Tabora kwa sababu treni ya kutoka Kigoma inafika, na mama akisikia nimelazwa angeweza kupanda bila kuuliza njia. Siku ya usajili niliingia na bahasha ya vyeti na mtungi wa asali niliouziwa njiani, sijui kwa nini niliununua. Mama wa mapokezi akauliza cheti cha kumaliza shule. Nikasema sina. Akatazama namba yangu.

"P. Haya, mwanangu, kaa na wenzako kwenye benchi lile."

Palikuwa na mtawa mmoja, baba wa makamo mwenye kofia ya mgambo, dada aliyepakata mtoto, na vijana wengine sita. Benchi lilikuwa limejaa. Nikaomba wasogee.