Jibu: Mafia kwa mahema, safari ya kuanzia Kigoma

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama watu wanne mnaweza kwenda kisiwa cha Mafia na mahema bila kumaliza akiba. Mnaweza kabisa. Nauli ndiyo itakula fedha nyingi, kwa hiyo teremkeni na treni hadi Dar, kisha basi la Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, halafu mpande boti kuvuka bahari hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Samaki na nazi mtapata huko. Dagaa wetu bebeni hata hivyo.

Epukeni masika, Machi hadi Mei. Mimi ningechagua Novemba, maana papa potwe, wale papa wakubwa sana wasiodhuru watu, huonekana karibu na Kilindoni, nje ya hifadhi ya bahari. Mkienda Utende, ndani ya hifadhi hiyo, kuna kiingilio, msisahau vitambulisho vya taifa.

Ombeni ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, na tafadhali msipige hema chini ya mnazi.