Hakuna "kwatsaiti laini", mkuu. Usilipe

Simama hapo hapo. Hata malipo ya awali usitoe. Umeandika kwamba muuzaji anaita lile jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu "kwatsaiti laini", na unauliza lina tofauti gani na marumaru, lipi linafaa kaunta ya jikoni, unene gani na litunzweje. Mimi niliuziwa kwa jina hilo hilo, mbuzi kwenye gunia. Ilikuwa marumaru tupu.

Kwatsaiti ilianza kama jiwe la mchanga. Joto na mgandamizo ardhini vikashikanisha chembe za kwatsi (madini magumu ya mchanga) hadi ukilivunja, ufa unapasua chembe zenyewe badala ya kuzizunguka. Marumaru ilianza kama jiwe la chokaa, ambalo mara nyingi ni mabaki ya magamba ya viumbe wa baharini, kalsaiti yake (madini ya chokaa) ikaunda fuwele upya. Kwenye uainishaji yote mawili ni miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, tena kwa kawaida hayana matabaka kama ya naisi, jiwe lenye mistari mistari. Hicho ndicho kichaka cha matapeli: "yote ni jamii moja, bosi." Jamii moja, ndiyo, lakini madini ni mengine kabisa. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kwatsi ni 7, kalsaiti ni 3. Huwezi kuipika chokaa hadi ikawa kwatsi.

Sasa sikia. Nilikata limao, nusu nikaiacha juu ya kaunta nikaenda kupokea simu. Kurudi, duara limefifia, mng'ao umekwenda. Nikadhani ni doa. Nikasugua kwa sabuni, wapi. Nikaleta siki (cheka tu, nimeshazoea) nikaimwaga ya kutosha, maana si wanasema siki inatoa madoa sugu? Ikatoa mapovu mbele ya macho yangu, nami nikafurahi eti uchafu unatoka! Kumbe lilikuwa jiwe lenyewe linaliwa. Asidi ikikutana na kalsaiti inatoa gesi ya kaboni dioksidi. Sasa kaunta ina ramani ya dunia, watoto wasomee jiografia hapo.

Nilipompigia muuzaji, jibu lake: "Hukupaka dawa ya kuziba." Mwongo mkubwa! Dawa hiyo inazuia mafuta na chai kupenya kwenye vinyweleo vya jiwe. Haizuii asidi kula uso. Fundi aliyekuja kuniambia lazima lisagwe upya lote alitaja bei nikakaa chini. Na hata likisagwa, limao linalofuata linaanza upya.

Kwa hiyo moja tu: KWARUZA KIOO KABLA HUJATOA PESA. Omba kipande cha masalio, chukua ncha yake isiyong'arishwa, ikandamize kwenye kioo ukivuta. Halafu futa kwa kidole, maana marumaru huacha unga mweupe unaofanana na mkwaruzo. Ukifutika, ni marumaru. Ukibaki mfereji, hapo tuongee kwatsaiti. Dondoshea na siki pia. Isipotoa povu usishangilie bado, likwangue kwanza upate unga kisha udondoshee tena, kwa sababu marumaru ya dolomaiti (madini yaliyo ndugu wa kalsaiti) ni mvivu wa kutoa povu.

Akikunyima kipande, ondoka. Akisema "kioo hakithibitishi kitu", kimbia.

Mambo ya unene uliza ukisharudi na majibu ya kioo.