Re: Sukuma wiki kugeuka manjano, Shela

Dada, umesema unamwagilia asubuhi na jioni na bado majani ya chini yanageuka manjano. Kwa mchanga wetu wa Lamu, maji hayo yote yanapita moja kwa moja na kubeba chakula cha mmea kwenda nacho. Manjano ikianzia majani ya chini, ni naitrojeni iliyopungua, yaani chakula kinachokuza majani. Ingekuwa ni majani machanga ya juu, yenye mishipa ya kijani, ningeshuku upungufu wa chuma, maana udongo wenye chokaa ya matumbawe hukifunga mmea usikipate.

Matuta ya kuinuliwa usihangaike nayo, hayo ni ya kwenye udongo unaotuama maji. Wewe chimba kitanda kishuke kidogo chini ya usawa wa njia, upana mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga.

Samadi ya punda hapa haina bei, ila usiitie mbichi: inaunguza mizizi na imejaa mbegu za magugu. Ilundike na majani makavu, irowanishe, igeuze kila wiki mbili kwa miezi miwili mitatu. Ukitia mkono ndani isiwe na joto, na inuke udongo, si choo cha punda. Hapo changanya debe moja kwa kila mita mraba, kisha funika juu kwa makuti yaliyochakaa.

Jivu acha kabisa, nalo hufanya kazi kama chokaa, na chokaa tunayo tele. Na hebu onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi, tuandikie tena.