Ukipita milima ya Hebroni, usihesabu nyumba za walowezi

Wanaonitafuta kabla ya safari ya hija huuliza habari za viatu, baridi ya Yerusalemu na chakula cha hotelini. Ni nadra mtu kuuliza kuhusu vijiji vya walowezi wa Kiyahudi, vyenye mapaa mekundu, atakavyoviona vilimani mara basi litakapoipita Bethlehemu kuelekea kusini, ingawa hivyo ndivyo vitakavyozua ubishi ndani ya basi. Kwa kuwa nimesindikiza misafara ya makanisa yetu hadi Hebroni, naomba niwashauri viongozi wa misafara, na yeyote anayejiandaa kwenda, namna ya kuvitazama vijiji hivyo.

Kabla ya kuondoka, jifunze mgawanyo wa ardhi. Israeli iliutwaa Ukingo wa Magharibi, eneo zilimo Bethlehemu na Hebroni, kutoka mikononi mwa Jordan katika vita vya Juni 1967, na kufikia Septemba mwaka huohuo walowezi walikuwa wamerejea Kfar Etzion, kijiji cha Wayahudi kilichoangamizwa 1948, karibu na barabara hiyohiyo mtakayopita. Makubaliano ya Oslo ya 1995, kati ya Israeli na Wapalestina, yaliigawa ardhi hiyo katika maeneo A, B na C. Eneo C, ambalo ni takriban asilimia 60 ya ardhi yote, liko chini ya mamlaka kamili ya Israeli, na humo ndimo yalimo karibu makazi yote ya walowezi. Mpalestina anayeishi humo hawezi kujenga hata zizi bila kibali cha mamlaka za Israeli, na vibali hivyo hutolewa kwa nadra sana. Msipolielewa hilo, mtaona kibanda cha mabati kando ya nyumba za mawe zenye bustani, na mtaishia kusema kwamba hawa ni wavivu na wale ni wachapakazi. Nimeyasikia maneno hayo ndani ya basi zaidi ya mara moja.

Ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wote ni huu: msiupime ukubwa wa makazi kwa kuhesabu nyumba zake. Kusini mwa Hebroni mtaona vilele vyenye nyumba chache za kuhamishika, tangi la maji, jenereta, bendera na zizi la kondoo, na pengine familia mbili au tatu tu. Hata hivyo, kituo kama hicho kina barabara yake, kina ulinzi, na kina mifugo inayoshuka mabondeni kila asubuhi. Mchungaji wa Kipalestina aliyezoea kulisha mifugo katika mabonde hayo hujikuta akifukuzwa, au huacha mwenyewe kwenda kwa kuogopa kupigwa. Mashamba ya malisho ya namna hii yameongezeka sana katika miaka ya karibuni, na kwa watu wachache yanatawala ardhi kubwa kuliko miji ya walowezi yenye maelfu ya wakazi. Msomaji aliyekulia katika jamii ya wafugaji hahitaji kuelezwa zaidi, maana anajua kwamba anayeshika malisho na maji ameshika kijiji kizima. Wakazi wa Zanuta, kijiji cha wafugaji wa Kipalestina huko kusini, waliondoka na mifugo yao mwishoni mwa Oktoba 2023, baada ya mashambulizi na vitisho vya walowezi.

Pale Umm al-Khair, kijiji kingine cha Wapalestina, jambo hili huonekana kwa macho. Uzio wa makazi ya Carmel umepita hatua chache tu kutoka kwenye mahema na vibanda vya Mabedui wa kabila la Jahalin, ambao walitoka upande wa Arad baada ya vita vya 1948. Ndani ya uzio kuna nyasi za kijani na miti ya kivuli. Nje yake kuna vifusi vya nyumba zilizobomolewa kwa kukosa kibali, na nyaya za umeme hupita juu ya vichwa vya watu wasiounganishiwa umeme huo.

Mtakutana pia na hoja za kisheria, na ni vyema mzijue. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya Julai 2024, ilisema kwamba makazi hayo yanakiuka sheria ya kimataifa. Israeli inapinga, ikisema kuwa ardhi hiyo ina mgogoro wa umiliki na kwamba Wayahudi wana haki ya kihistoria huko. Mlowezi mmoja atawasomea Mwanzo 23, pale Abrahamu anaponunua pango la Makpela, na mwingine atawaambia waziwazi kwamba alifuata nyumba ya bei nafuu. Vile vituo vidogo, kwa sheria ya Israeli yenyewe, vilianza bila idhini rasmi ya serikali. Lakini ripoti ya mwanasheria Talia Sasson ya 2005 ilionyesha kuwa wizara za serikali zilikuwa zikivisaidia kwa fedha na huduma.

Kwa hiyo mkipata nafasi ya kuzungumza na watu, msiulize nani ana haki, kwa sababu kila upande una jibu lake tayari. Mwulizeni mchungaji mwaka juzi kondoo wake walilisha wapi na sasa wanaishia wapi. Mwulizeni mlowezi nani aliyewachongea barabara, na maji yao yanatoka wapi. Majibu ya maswali hayo yamenifundisha mengi kuliko mihadhara ya hotelini.

Msikaribie vituo hivyo peke yenu, na msiwapige picha askari. Oktoba na Novemba, wakati wa kuvuna zeituni, muwe waangalifu zaidi, kwa kuwa ugomvi huwa mwingi mashambani. Tafuteni mwongozaji Mpalestina kwa upande wa mji wa Hebroni, kwani raia wa Israeli wamekatazwa na amri ya jeshi lao kuingia Eneo A, lile lililo chini ya Mamlaka ya Palestina. Kila mmoja awe na pasipoti yake mkononi, si kwenye begi lililo chini ya basi. Asubuhi ya safari, dereva apige simu kuuliza hali ya barabara, maana mageti ya chuma yaliyo kwenye njia za kuingia vijijini na mijini hufungwa bila taarifa.