Mkuu, kabla hujalipia hiyo mashine ya kusagia kahawa, angalia meno

Kama hela bado iko mfukoni, iache hapo hapo. Umeuliza mashine gani ya kusagia kahawa nyumbani inadumu, rahisi kutumia, haina kelele na haisumbui kusafisha, halafu mwishoni unasema umeshaipata: ya kisu, wati nyingi, kitufe kimoja, "inasaga kila kitu". Ndiyo hiyo hiyo niliyouziwa mimi, kwa maneno hayo hayo. Sijui hawa wauzaji wanafundishwa darasa moja?

Hiyo ni blenda iliyopunguzwa kimo. Kile kisu hakisagi, kinakatakata ovyo. Punje iliyokikaribia inageuka vumbi, iliyorushwa juu inatoka nusu nzima. Fungua mfuniko uone: chini, kuzunguka kisu, unga umegandamana mpaka uukwangue kwa kijiko, juu yake yamelala mapande. Ukimwagia maji moto, unga unaachia kila kilichomo mpaka uchungu, mapande yanaachia kidogo tu, nayo yanaleta uchachu. Unakunywa vyote viwili kwenye kikombe kimoja. Ukisema usage zaidi ili mapande yaishe, vumbi ndiyo linaongezeka.

Nilimrudia muuzaji. "Bonyeza muda mrefu bosi." Nikabonyeza, mota ikachemka ikaanza kunuka waya. Nikarudi tena, akasema kahawa yangu ndiyo mbaya. Hapo ndipo nilipoliwa kweli kweli, maana mashine yenyewe haikuwa ghali. Kilichoniumiza ni kahawa nzuri niliyokuwa nanunua kila mara kutibu ladha, pakiti moja ghali kuliko iliyotangulia, zote naziingiza kwenye kisu kile kile zinatoka na uchungu ule ule. Mara akasema labda maji. Nikabadilisha maji! Angesema kikombe ningebadilisha pia, na wewe unayecheka usijifanye hujawahi kuuziwa kitu. Ile "inasaga kila kitu" nayo niliiamini, nikapitisha binzari humo. Kahawa iliyofuata ilikuwa mchuzi mweusi.

Wati zisikuzuzue. Uliza meno. Mashine ya maana ina meno mawili, yaani vipande viwili vya mviringo vyenye makali ya kusagia, moja limetulia, jingine linazunguka ndani yake au juu yake, na punje haipiti mpaka isagike itoshe kwenye mwanya uliopo katikati. Mwanya huo unaurekebisha mwenyewe: mpana kama kahawa unailoweka na kuikandamiza kwa chujio, mwembamba kabisa kwa espreso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa presha. Ya kisu haina mwanya wowote, unakisia kwa sekunde.

Na ukikuta meno, usiishie hapo. Shika mhimili unaozungusha meno, uusukume huku na huku. Mhimili ukicheza, hata meno yawe makali vipi, mwanya hautulii na unarudi kule kule kwenye vumbi na mapande. Kwa bajeti ndogo mimi ningechukua ya mkono yenye meno ya chuma na mhimili ulioshikwa na beringi juu na chini. Haina mota ya kuungua. Kahawa ya kikombe kimoja, gramu 15 hivi, unaimaliza bila kutoka jasho, labda iwe imekaangwa kidogo sana, hiyo ni ngumu na mkono utakusema. Kama nyumba imejaa wanywaji, chukua ya umeme, lakini ya meno. YA MENO.

Kusafisha ni brashi kavu tu. Meno ya chuma usiyaoshe kwa maji, yanaweza kushika kutu.

Kelele? Zote zinapiga kelele mkuu, ya mkono kidogo afadhali. Kulikuwa na swali lako jingine limenitoka, hasira hizi.

Mwambie huyo muuzaji akutumie picha ya meno, uiweke hapa tuione. Picha ya boksi asijisumbue.