Gemu ya mnada yenye kupambana na ukame: jaribu Santiago, ila usipende sana dau kubwa

Mkuu umeuliza gemu gani ya mezani ya mnada ambayo siyo kutajirika tu, mtu apambane kweli kitu chake kisife, na ukasema wewe kwenye mnada huwa unabeba vitu vizuri kuliko wote halafu mwishoni unashika mkia. Jibu langu ni Santiago, na hilo la kushika mkia nalijua vizuri maana nilikaa karibu mwaka mzima hivyohivyo.

Ilitoka 2003 Ujerumani, kampuni ya AMIGO, watunzi Claudia Hely na Roman Pelek, mnacheza watatu hadi watano. Mko kisiwa cha Santiago kule Cape Verde, nchi ya visiwa baharini magharibi mwa Afrika, ambako mvua ni ya kubahatisha kweli na njaa za miaka ya 1940 ziliua maelfu ya watu. Kila raundi vinafunuliwa vigae vya mashamba, ndizi, pilipili, miwa, maharage, viazi, mkiwa wanne vinne mkiwa watano vitano. Kila mtu anataja dau mara moja tu, hakuna wawili kutaja hela sawa labda kama mnapita, yaani hamtaji dau kabisa. Mwenye dau kubwa anachagua wa kwanza, anaweka shamba ubaoni na vibarua wake juu, wale wa mbao, mmoja au wawili kutegemea na kigae.

Sasa wengi tunapotelea hapa. Aliyetaja dau dogo kuliko wote ndo anakuwa msimamizi wa mfereji raundi hiyo. Yaani maji anayashika yule aliyeachia mnada! Wengine wote wanamfuata kumhonga, huyu anasema pitisha huku nakupa 3, yule anaongeza 2 kwenye ombi hilohilo kwa vile na shamba lake liko jirani, msimamizi akikubali anabeba hela, akiwakataa wote anachimba anapotaka ila analipa benki moja zaidi ya hongo kubwa iliyotajwa. Shamba lisilofikiwa na maji linapoteza kibarua mmoja kila raundi, wakiisha na bado ni kavu kigae kinageuzwa, kinakuwa jangwa, ndo basi tena.

Siku iliyonifundisha nilikuwa na pilipili vigae vinne vyenye vibarua wangu watano, na pointi ni idadi ya vigae vilivyoungana mara vibarua wako, kwa hiyo 20. Kikatokea kigae cha pilipili chenye vibarua wawili, nikapiga hesabu tano mara saba ni 35, nikataja 9 nikabaki na escudo 1 (ndo hela ya gemu) mkononi. Shemeji ndo alikuwa msimamizi. Wawili wakachanga 5 mfereji uelekee kwenye miwa yao, mimi na 1 yangu nimekaa tu, na mfereji wa akiba (kila mtu anao mmoja, unautumia mara moja gemu nzima) nilishauchoma raundi ya pili. Raundi iliyofuata hivyohivyo. Kigae changu cha katikati kikageuka jangwa, kile cha 9 kikabaki kimejitenga na hakina kibarua, nikabaki na vigae vitatu na vibarua wanne, 12. Nililipa 9 ili nishuke kutoka 20 hadi 12 aisee, iliniuma.

Na mimi nimekulia Kilimanjaro, maji ya mfongo, ule mfereji wa jadi wa Wachagga, yanaenda kwa zamu na tangu mtoto nilijua ukikosana na wa mfereji migomba yako itakujibu. Sijui kwanini mezani nilikuwa naisahau hiyo.

Tangu siku hiyo nacheza hivi. Unaanza na 10 na kila raundi unapata 3 tu, kwa hiyo dau la 7 ni kipato cha raundi mbili na zaidi, kabla sijataja najiuliza nitabaki na ngapi ya kuhonga. Halafu shamba naliweka penye mazao ya wengine, hata kama ni aina tofauti, ili wakitafuta maji yao na mimi nipate au tuchange, shamba la peke yako pembeni hakuna atakayekuchangia. Kupita nako kuna hesabu yake: aliyepita anaweka shamba na kibarua mmoja pungufu, na wakipita wawili usimamizi anachukua aliyetangulia kupita, kwa hiyo kama mwenzako ameshapita kabla yako wewe usipite, taja hata 1, la sivyo umepoteza kibarua na mfereji hujaupata. Msimamizi wa raundi iliyopita ndo anataja wa mwisho, anaona kila kitu, huyo muogope.

Watatu inachezeka ila mazungumzo ya hongo yanapoa sana, kuanzia wanne ndo utamu. Ukinunua ya mtumba hesabu vigae kwanza, vinatakiwa 45. Ya kwangu niliikuta na 44, kimepungua kimoja cha viazi, na wanne kwa raundi 11 vinatumika 44 tu kwa hiyo hatukujua mpaka siku mdogo wangu alipokuja tukawa watano, tukakata kipande cha boksi tukachora kiazi, mpaka leo ndo tunachotumia.