Wasomaji wanauliza: je, pango la Mojave lina mazuku?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anayeishi Las Vegas, Marekani, amenialika kwake mwezi wa saba, na ameahidi kunipeleka kwenye pango la volkano lililomo katika hifadhi ya jangwa ya Mojave. Mimi nimekulia hapa Goma, ambako tangu utotoni tulikatazwa kuingia kwenye mashimo ya mawe ya volkano kwa kuogopa mazuku. Je, nikatae?
Msomaji, mtaa wa Himbi

JIBU: Wazazi wako walikukataza kwa haki, ndugu yetu. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za ardhi chini ya volkano zilizo hai, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mabonde na mashimo, ikamuua mbuzi aliyeinamisha kichwa ilhali mwenye mbuzi, aliyesimama kando yake, hajahisi kitu.

Kule Mojave mambo ni tofauti. Volkano yetu ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi mjini kwetu mwaka 2002 na tena ikatoka 2021, lakini vilima vya volkano vya Mojave vilitoa lava kwa mara ya mwisho yapata miaka 10,000 iliyopita. Pango hilo lilitokana na mto wa lava ulioganda juu huku ndani ukiendelea kutiririka kama maji katika bomba, mpaka lava ikaisha na kuacha uwazi. Tena paa lake lina matundu, kwa hiyo hewa hupita.

Tunachokiogopa sisi ni huo mwezi wa saba. Wewe umezoea baridi ya Goma, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ilhali jangwani humo joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na mji wa Baker, ulio jirani, umejisimamishia kipimajoto chenye urefu wa zaidi ya mita 40, kana kwamba wageni wangehitaji kuambiwa. Ukiweza, omba safari isogezwe hadi kati ya mwezi wa kumi na wa nne. Ikishindikana, ondokeni alfajiri, kila mtu akiwa na lita nne za maji.

Kutembea kwenyewe ni kufupi. Taabu ni njia. Kutoka Baker mtakwenda karibu kilomita 30 kwenye lami, kisha nyingine nane hivi kwenye barabara ya vumbi, inayotaka gari lililoinuka. Jazeni mafuta Baker, kwani ndani ya hifadhi hayauzwi, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Pangoni mtashuka kwa ngazi ya chuma, kisha mtainama mahali dari liliposhuka, hivyo kila mmoja awe na tochi yake. Nguzo za mwanga zipitazo kwenye matundu ya paa huonekana vizuri jua likiwa utosini. Hizo mziendee msimu wa baridi, kwani kiangazi saa hiyo mnapaswa kuwa mmekwisha kurudi Baker.